Mama Sufuria na Kuku Waliokoma

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisi ya mifugo Shinyanga mjini nikiwa na gambuti mpya na koti jeupe ambalo mama yangu alilipiga pasi ya mkaa mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Nilikuwa nimetoka chuoni, cheti kiko ndani ya bahasha, na kichwa kimejaa ng'ombe. Mimi ni Msukuma wa Didia. Kwetu mtu akisema amesomea mifugo, watu wanaelewa kwamba amesomea ng'ombe, na mbuzi kidogo kama kuna nafasi. Nilikuwa na hakika kwamba kabla ya saa sita mchana nitakuwa nimesimama kwenye josho, lile bwawa jembamba la dawa ambamo ng'ombe huogeshwa ili kuua kupe. Bwana Mifugo wa Wilaya, mzee mfupi mwenye kikohozi kisichopona, alinitazama kuanzia gambuti kwenda juu, akafungua mlango wa nyuma, akanionyesha bibi mmoja aliyeketi chini ya ukuta na tenga la kuku pembeni yake.

"Huyu mama ametembea tangu alfajiri," alisema. "Kuku wake wamekoma kutaga. Mshughulikie."

"Kuku, mzee?"

"Kuku. Ng'ombe wana watu wengi wa kuwapenda."

Nilinuna, na sikuificha. Nilimtoa kuku wa kwanza kwa kumvuta bawa, bibi akaguna, na Bwana Mifugo akaninyang'anya. Akamgeuza yule kuku kichwa chini taratibu, akanishika mkono na kunifundisha kile tulichokiita kupima kwa vidole. Pande mbili za tundu la kutagia kuna mifupa miwili midogo ya nyonga. Ukiweza kupitisha vidole vitatu katikati yake, kuku huyo anataga. Kikipita kimoja tu, amekoma. Kisha unatazama undu, ule upanga mwekundu wa kichwani: wa kuku anayetaga umejaa na una joto, wa aliyekoma umesinyaa na umepauka. Kuku wote wanne wa yule bibi walikuwa wa kidole kimoja.

Nikaanza kumwambia bibi habari za minyoo, maana ndiyo niliyoikumbuka kutoka chuoni. Bwana Mifugo akaninyamazisha kwa mkono.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu upya, kwa Kisukuma, kama vile ndiyo kwanza wanaonana. "Nyumbani maji mnachota wapi?"

"Maji, mwanangu? Mbali," bibi alisema. "Tunakunywa sisi, wanakunywa ng'ombe. Kuku wanalamba sufuria nikishaosha."

Mzee alinigeukia. Maneno aliyosema siku ile nayakumbuka yote, na laiti ningeyakumbuka pia siku nilipoyahitaji. Alisema yai ni maji yaliyovikwa ganda, na kuku akikosa maji siku mbili anaweza kufunga kazi kwa wiki kadhaa. "Kwa hiyo ukifika kwa mtu, kabla hujamgusa kuku, uliza maji, na uulize mara tatu. Yapo? Yanatoka wapi? Nani mwingine anayatumia? Ukiuliza moja ukaacha mawili, hujauliza kitu."

Bibi aliondoka na ushauri wa kuweka kigae cha maji kivulini asubuhi na jioni. Baada ya mvua mbili tatu alirudi ofisini na mayai sita ndani ya kitambaa, akampa mzee, akasema wabeja, yaani asante. Mzee alinipa matatu.

Nilikaa Shinyanga miaka mingi, nikizunguka vijiji kwa baiskeli, kisha kwa pikipiki ya ofisi ilipokuwa nzima. Vijana wa sasa mnadhani kazi ya kuku wa kienyeji ni kuchanja mdondo tu, ule ugonjwa unaopitia kijiji kizima na kuacha mabanda matupu. Tulichanja, ndiyo, tone moja jichoni, na mwenye kuku amemkumbatia kama anambembeleza mtoto. Lakini sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa swali lile la siku ya kwanza: kwa nini wamekoma. Majibu yalikuwa mengi, na kila nyumba ilikuwa na lake. Kuna kuku anayeatamia, ambaye hata ukimtoa mayai yote anakalia jiwe. Huyo anachovywa tumbo kwenye maji ya baridi mpaka joto la kuatamia lishuke. Kuna anayenyonyoka manyoya, na huwezi kumlaumu, mwili hauwezi kushona nguo na kutaga kwa pamoja. Kuna anayefungiwa jikoni kwenye giza kwa kuogopa wezi, na kuku bila mwanga hatagi. Kuna anayelishwa pumba tupu na kukosa chokaa, akaanza kutaga mayai laini yasiyo na ganda, akayala mwenyewe, na wenyewe wakasema amekoma. Na kuna mkorofi asiyekoma kabisa. Pale kwetu Didia mzee mmoja alimlaani tetea wake msimu mzima, na siku ya kupeleka pamba akakuta mayai kumi na tisa katikati ya lundo. Alinifokea mimi.

Baadaye nilihamishiwa Maganzo, kwa wachimbaji wadogo wa almasi. Huko nilikutana na sababu ambayo haimo kwenye kitabu chochote. Mama mmoja alilalamika kwamba kuku wake wanane wamekoma wote kwa mpigo. Maji yapo, chakula kipo, vidole vikionyesha kimoja. Nikakaa pale mpaka alasiri, na alasiri mumewe akarudi, akawakamata kuku mmoja mmoja na kuwaminya gole, yaani kile kifuko cha shingoni ambako chakula hukaa kabla ya kushuka. Alikuwa anatafuta almasi. Kuku humeza vijiwe, si unajua, kwa sababu hana meno. Vijiwe vinakwenda kwenye firigisi na huko ndiko chakula kinakosagwa.

"Kila siku unawaminya?" nilimuuliza.

"Kila siku, mtaalamu. Wa jirani alitoa jiwe."

"Uliliona?"

"Nilisikia."

Nilimweleza kwamba kuku mwenye hofu hatagi, na kwamba jiwe likiwapo litakuwa kwenye firigisi, si kwenye gole. Hilo la pili lilikuwa kosa langu. Wiki iliyofuata nilikuta kuku wamebaki watatu. Hata hivyo Maganzo ilinifundisha jambo la kweli, na nililisema sana kwa wanafunzi waliokuja mafunzoni: kama unataka kujua ua wa mtu una nini, fungua firigisi ya kuku wake. Humo utakuta kila kitu ambacho mwenye nyumba hakukitaja, shanga, misumari, vipande vya chupa.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa magharibi, kwenye ukanda wa dhahabu wa Geita, wilaya ambayo sitaitaja. Mkuu wa Idara wa kule alikuwa kijana kuliko mimi, mchapakazi, mwenye sauti ya mkutanoni hata akiwa anazungumza na mtu mmoja. Alinisikiliza nikitoa somo la sababu za kuku kukoma, somo langu lote la saa nzima, kisha akaniita pembeni.

"Mama, somo ni zuri, lakini watu wamesinzia. Mwananchi hakumbuki somo, anakumbuka wimbo. Wape kitu kimoja."

Kitu kimoja nilikuwa nacho. Katika kazi yetu kuna jambo linaitwa kuchambua kundi: unapima kwa vidole, wanaotaga unawaacha, waliokoma unawatoa ili wasile bure. Ni ushauri sahihi, upo kwenye vitabu na mpaka leo unafundishwa. Mimi nikaufanya wimbo. Nikisema "Kuku asiyetaga!", mkutano mzima unajibu "Ni wa sufuria!" Wanawake walipiga vigelegele, watoto wakaubeba mpaka shuleni. Haukupita mwaka jina la Mama Kabula, ambalo ndilo langu kwa mtoto wangu wa kwanza, likapotea, nikawa Mama Sufuria tangu sokoni mpaka kanisani. Nakiri kwamba nililipenda. Katika utumishi wote sikuwahi kupewa jina, na lile lilinipa raha ya kijinga.

Leokadia nilimfahamu kwenye mikutano hiyo. Alikuwa binti wa Ushirombo, wa familia ya wakulima, aliyeolewa kijiji cha wachimbaji. Watu walimwita Mama Fausta kwa jina la mtoto wake wa kwanza, lakini mimi nilimwita Leokadia kwa sababu alinikumbusha wanangu. Alikuwa msikivu na mwenye kicheko cha haraka, na kuku aliwafuga kweli kweli, si wale wa kuachwa wajitafutie. Kila tetea alikuwa na jina na alijua nani alitaga jana. Mumewe, Baba Fausta, alikuwa mchimbaji, na kama wengi wa pale alikuwa ameleta kazi nyumbani: nyuma ya jiko alichimba kidimbwi, akatandika turubai, na hapo ndipo alipooshea mchanga wa dhahabu kwa karai. Mahali kama hapo wenyewe wanapaita mwalo.

Siku moja alinipigia simu nipite. Kuku wake kumi na mmoja walikuwa wamekoma, mmoja baada ya mwingine. Nilipofika alinipokea mkoba, akaniamkia, na nikaona tumbo. Alikuwa na mimba ya miezi minne au mitano.

"Shikamoo, Mama Sufuria."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nionyeshe wagomaji wako."

Nilipima kwa vidole, wote kimoja. Undu zimepauka. Hawakuwa wananyonyoka wala kuatamia, chawa hakuna, mwanga upo, mahindi yapo, chanjo niliwapa mwenyewe. Wawili walitembea kwa kuyumba kidogo, nikasema ni uzee. Kisha nikauliza maji.

"Maji yapo tele, mama," Leokadia alisema na kunyoosha mkono kule nyuma ya jiko. "Hayakauki hata kiangazi. Wanakunywa wenyewe wakitaka."

Nikatazama. Kidimbwi kilikuwa kimejaa, na kuku watatu walikuwa wamesimama ukingoni wanainamisha na kuinua vichwa. Sasa nisikilize vizuri, wewe utakayeifanya kazi hii. Mtu wa kwetu Didia, aliyezaliwa mahali ambapo wanawake wanapigana kwa ndoo, akiona maji yamejaa nyuma ya nyumba, moyo wake unatulia. Wangu ulitulia. Nilifurahi kwa ajili yake. Niliuliza swali la kwanza nikajibiwa, na yale mawili ya Bwana Mifugo hayakunijia hata kidogo. Sikuuliza maji yale yanatoka wapi wala nani mwingine anayatumia, ilhali karai la mumewe lilikuwa limeegemea ukutani na nililiona. Nilijua pia, kama kila mtu wa ukanda ule anavyojua, kwamba mchimbaji anaosha mchanga kwa zebaki, ile dawa nzito ya rangi ya fedha inayoikamata dhahabu, na kwamba zebaki ni sumu.

"Sasa nifanyeje, mama?" aliuliza.

"Kuku asiyetaga," nilisema.

Akacheka, akashika kiuno. "Ni wa sufuria!"

"Ndiyo. Na wewe sasa unakula wa wawili. Usiwauze, kula mwenyewe, mmoja mmoja, na maini usimpe mtu. Damu yako itapanda."

Nilimwambia hivyo. Ini nililitaja kwa jina.

Wiki kadhaa baadaye niliitwa nyumba nyingine ya kijiji kilekile, yenye mwalo wake nyuma ya jiko. Kuku walikuwa wamekoma na wawili walikuwa wamekufa. Nikampasua mmoja juu ya jani la mgomba, mwenye nyumba akinitazama. Nilipofungua firigisi, kati ya vijiwe na mahindi kulikuwa na tone dogo linalong'aa, likakimbia juu ya jani, likagawanyika mawili, likarudi kuwa moja. Mwenye nyumba alisogea upesi, akadhani ni bahati yake. Mimi nilikaa chini kwenye vumbi na gambuti zangu.

Nilipanda pikipiki kwenda kwa Leokadia bila kunawa vizuri. Njiani nilihesabu wiki na kuku, nikijidanganya kwamba labda amekula watatu, labda alikuwa anawahurumia kwa vile aliwapa majina. Nilimkuta anapeta mahindi.

"Kuku wangapi wamebaki?" niliuliza, hata salamu sikuisubiri.

"Wale wagomaji? Tumemaliza, mama. Wa mwisho Jumapili. Baba Fausta amekula shingo na miguu, mengine yote nimekula mimi kama ulivyosema." Alijipiga tumbo taratibu. "Hata huyu ameanza kucheza sana."

Nikanyamaza. Nawaandikia haya ndani ya nyumba yangu mwenyewe, hakuna anayenishurutisha, na bado mkono unakuwa mzito. Nilinyamaza kwa sababu kuku walikuwa wameshaliwa na maji yakimwagika hayazoleki. Kwa sababu niliona kumtisha mwenye mimba ni kumwongezea shida. Kwa sababu ya aibu. Sababu ya tatu ndiyo iliyokuwa ya kweli, zile mbili zilikuwa nguo zake. Nilimwita Baba Fausta pembeni nikamwambia ahamishe mwalo mbali na nyumba na asichome zebaki jikoni. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mama, sisi tumekulia humuhumu," alisema. "Na mimi si mzima?"

Nilikwenda kwa Mkuu wa Idara pia. Nilimweleza firigisi, mwalo, wimbo, mama mjamzito. Nadhani aliumia, hakuwa mtu mbaya. Kisha akasema hilo ni jambo la watu wa afya na watu wa madini, sisi ni mifugo, na kwenye taarifa ya mwezi niandike vifo vya kuku, sababu haijajulikana. Niliandika hivyo, kwa mwandiko wangu mzuri.

Editha alizaliwa katika mvua za masika. Uzazi ulikuwa mrefu na mgumu. Alipofika umri wa kukaa hakukaa, na shingo yake haikukaza, na mikono ilijikunja ikabaki imejikunja. Daktari alimwambia Leokadia kwamba mambo kama hayo yana sababu nyingi: uzazi wenyewe, homa, moshi wa zebaki pale nyumbani, au Mungu tu. Kuku hakuwataja, kwa sababu hakuna aliyemwambia habari za kuku. Inawezekana kabisa si kuku. Nimesoma, nimeuliza, na kila niliyemuuliza amesema huwezi kujua. Watu wanadhani kutojua kunapunguza mzigo. Mimi kila nikimwona yule mtoto nilikuwa naliona tone lile linakimbia juu ya jani.

Wimbo niliuacha. Kwenye mikutano nikarudi kwenye somo la saa nzima, nikasisitiza maji mara tatu, nikasema kuku wa kwenye mwalo wasiliwe, wafukiwe. Watu walisinzia. Mwishoni mtu mmoja alikuwa akipaza sauti, "Kuku asiyetaga!", na mkutano ukijibu bila mimi. Kile Mkuu wa Idara alichosema juu ya wimbo kilikuwa kweli tupu. Leokadia mara nyingi hakuweza kuja tena mikutanoni kwa sababu ya mtoto, na nyumbani kwake nilipita mara nyingi, nikapeleka sabuni, nikapeleka unga wa uji, nikambeba Editha ili mama yake aoge. Lile neno moja sikulitoa.

Siku ya kuniaga baada ya kustaafu walijaza uwanja wa kata. Mtendaji wa Kata alisoma barua ya shukrani, kwaya ikaimba, halafu wanawake wakaja wakicheza na zawadi iliyofunikwa kitenge. Ilikuwa sufuria, ile kubwa ya shughuli, na mtu alikuwa ameandika ubavuni kwa rangi nyekundu: MAMA SUFURIA. Aliyeongoza vigelegele alikuwa Leokadia. Editha alikuwa mgongoni mwake, mtoto wa miaka mitano sasa, miguu inaning'inia mpaka magotini kwa mama yake. Alinikabidhi zawadi kwa mikono miwili na kupiga goti, na mimi nikaipokea, nikacheka, nikacheza hatua mbili tatu. Waliopiga picha walisema nilipendeza.

Sasa niko Didia. Nina kuku tisa, na saba wamekoma siku nyingi, wazee watupu. Jirani yangu hunitania: "Mama Kabula, wewe si ulikuwa mtaalamu, mbona unalisha wastaafu wenzako?" Namjibu kwamba wastaafu hawachinjwi. Anacheka. Wanapokufa nawafukia nyuma ya choo. Ile sufuria ipo stoo, imegeuzwa ili maandishi yatazame ukuta, na haijawahi kupanda jikoni.

Mwezi uliopita simu iliita asubuhi nikiwa nawamwagia mahindi.

"Shikamoo, Mama Sufuria. Mimi Leokadia."

"Marahaba, mwanangu. Editha hajambo?"

"Hajambo, mama. Anakula kidogo kidogo." Akanieleza kwamba Baba Fausta amekimbilia rashi, yaani machimbo mapya ya dhahabu, mahali pengine na hajarudi. Kidimbwi kilikauka, akakifukia mwenyewe kwa jembe. Alinunua kuku wengine tisa, walitaga vizuri miezi michache. "Sasa wamekoma tena, mama, wanachakura palepale pa zamani. Nimeshachinja wawili. Editha mchuzi wa kuku ndio anaomeza bila kupaliwa. Nilikuwa nauliza, niendelee tu na hawa saba?"

Mahindi yalinimwagika miguuni, na kuku wangu wakanizunguka.

"Usichinje," nilisema. "Hata mmoja. Usimpe mtoto."

"Kwa nini, mama?"

Nikamwambia. Nilimweleza zebaki haiozi, inakaa kwenye udongo, kuku anaidonoa na kuinywa, inakwenda kwenye ini na kwenye nyama. Nilimwambia awafukie wote saba mbali, na ampeleke mtoto hospitali, na awaambie madaktari neno zebaki waziwazi. Nilisema haraka haraka, kama mwanafunzi aliyekariri. Upande wake jogoo aliwika.

"Na wale wa kwanza?" aliuliza mwishowe. "Wale niliokula nikiwa na mimba yake?"

"Wale nilikwambia mimi uwale."

"Ulikuwa hujui."

Alikuwa amenifungulia mlango, maskini, kwa wema wake. Ningeweza kupita hapo. "Siku ile sikujua," nilisema. "Nilipaswa kuuliza, sikuuliza. Nilijua siku niliyokuja kukuuliza wamebaki wangapi."

Akafikiri. Nilimsikia anafikiri, anarudi nyuma miaka yote ile mpaka kwenye ungo wa mahindi.

"Editha alikuwa bado tumboni," alisema.

"Ndiyo."

Hakulia wala hakunitukana. Alisema, "Haya, mama, nimekuelewa," na simu ikakatika.

Majuto ni mjukuu, husema watu, na huyu wangu nitazikwa naye. Kwako kijana unayeanza kazi na gambuti mpya sina hekima ya kukuachia zaidi ya ile niliyopewa bure siku ya kwanza nikaiacha njiani. Uliza maji mara tatu. Ukikuta yapo tele, ndipo uulize kwa bidii zaidi. Na ukikosea, sema siku ileile, kabla vigelegele havijaanza.

Juzi Leokadia alipiga tena. Alikuwa anataka kuanza na vifaranga wapya, kwenye ua wa dada yake Ushirombo, ambako hakuna mwalo. Nilimuuliza maji, akajibu yapo. Yanatoka wapi, akajibu kisima cha bomba. Nani mwingine anayatumia, akajibu shule. Alijibu yote matatu kwa utulivu, kama mtu anayejaza fomu. Kwa miaka mingi nilikuwa namwomba Mungu jina lile la Mama Sufuria liniondoke, lisitamkwe tena mbele yangu na mtu yeyote. Leokadia alikuwa ameanza simu yake kwa kusema, "Shikamoo, mtaalamu," na nikaitikia marahaba.